Herufi W Kwenye Wembe wa Baba

Ujumbe wa baba mkubwa ulipokelewa na binti yangu, kwa sababu mimi nilikuwa darasani nikifundisha na simu yangu ilikuwa imezimwa. Alinisubiri hadi jioni, akanieleza kwa furaha kwamba babu amekubali kuwapokea mbuzi wa ntheo, wale wa kumposa, ila ametoa sharti dogo: tulete wenzi kwanza. Alikuwa ameshaanza kuwataja hao wenzi. Rafiki yake wa chuo, wasichana wa kwaya, na binamu mmoja anayejua kuimba. Akaniuliza kama hao watatosha, au kama babu angependa na wanaume wasimame upande wetu.

Sikucheka. Binti yangu amelelewa mjini Salama, kando ya barabara kuu, na Kikamba chake ni cha salamu na cha kununulia mboga. Babu, ambaye ni kaka mkubwa wa baba yangu marehemu, alikuwa amemsemesha Kiswahili kwa kumhurumia, lakini neno moja lilimtoka kwa lugha ya nyumbani. Kwa Kiswahili, wenzi ni watu unaoandamana nao. Kwa Kikamba, wenzi ni wembe.

"Hataki marafiki zako," nilimwambia. "Anataka wembe wa babu yako aliyekuwa kinyozi."

Uso wake ulibadilika, kwa maana hadithi ya wembe huo hakuna mtu wa ukoo wetu asiyeijua. Babu yangu mzaa baba alirudi kutoka vita vya Burma na wembe wa kukunja, akakaa nao kijijini kwetu Matinyani, akiwanyoa wazee ndevu na wafiwa vichwa. Alipokufa, wembe haukuonekana. Katika msimu huohuo baba yangu, aliyekuwa bado kijana, aliondoka nyumbani akaenda Salama, na haukupita muda mrefu akawa kinyozi chini ya baraza la duka, akiwanyoa madereva wa malori kwa wembe wa kukunja. Baba mkubwa aliyaweka mambo hayo mawili pamoja na hakuyatenganisha tena. Aliyasema kwenye harusi, aliyasema kwenye mikutano ya ukoo, na siku tulipomzika baba, alipopewa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya familia, aliwashukuru waombolezaji, akasema ndugu yake ameondoka na kitu cha watu, kisha akaketi. Mama yangu alikuwa hatua chache kutoka kwake. Nilimwona akikaza mkono kwenye mkoba wake.

Baba mwenyewe hakuwahi kujitetea kwa maneno mengi. Alisema wembe aliununua Machakos, mpya, kwenye duka la Mhindi, kwa mshahara wake wa kwanza wa kuchimba mitaro. Nilimwamini kwa sababu alikuwa baba yangu. Nikiwa mtu mzima mwenye shahada ya historia, nilijua vizuri kwamba hiyo si sababu.

Sharti la baba mkubwa lilikuwa na uzito ambao mgeni hawezi kuuona mara moja. Binti yangu sikumzaa ndani ya ndoa, kwa hiyo kwa hesabu ya ukoo ni mtoto wa boma la baba yangu. Mbuzi watatu wa ntheo, wanaoletwa na upande wa mwanamume, hupokelewa na mwanamume wa boma hilo, na bila hao, hata mchungaji akiwafungisha ndoa kanisani, wazee watasema msichana yuko tu huko, hajaolewa. Baba amekufa na sina kaka. Mkono uliobaki wa kuishika kamba ya mbuzi hao ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa mtu aliyemwita baba yangu mwizi kaburini. Familia ya kijana, watu wa Makueni wasio na makuu, walikuwa wameshatenga siku.

Binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, alinipigia simu kunishauri. "Dada, hicho ni chuma tu," alisema. "Mpe mzee chuma chake, tule mbuzi." Ningeweza kumpa. Lakini baba mkubwa alitaka nimkabidhi wembe mbele ya watu, na nitamke kwamba nimeurudisha. Kitu hurudishwa kwa mwenyewe. Nikilitamka neno hilo, nimemshuhudia baba yangu kuwa mwizi kwa kinywa cha mtoto wake. Mama alilisema waziwazi kuliko mimi, akiwa anapepeta ndengu uani, bila kuinua macho: "Ukisema umerudisha, mimi nitazeeka mjane wa mwizi."

Nilimpigia baba mkubwa simu. Yeye huniita mwaitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Ndivyo mila inavyomtaka aniite, na sijawahi kusikia heshima iliyotamkwa kwa chuki kama ile. Nilimuuliza anajuaje kwamba wembe wa baba ndio wembe wa babu, wakati nyembe za namna hiyo zilikuwa nyingi nchini.

"Mwaitu, wewe umesoma," alisema. "Ufungue. Tazama kwenye shina, pale chuma kinapoacha kukata na kuingia kwenye mpini. Utaona W. Baba aliichora mwenyewe kwa msumari, wamisheni walipomfundisha kusoma. W ya wenzi. Usipoiona, mimi ni mwongo, nami nitakuja hapo Salama kuwapokea mbuzi kwa magoti."

Nilikuwa na wembe huo tangu baba afe, umeviringwa ndani ya kitambaa pamoja na mkanda wa ngozi aliotumia kuunolea, na sikuwa nimewahi kuutazama kama kitu chenye maandishi. Nilienda dirishani, nikaufungua. Kutu ilikuwa imelifunika shina karibu lote, nyekundu na ngumu kama ukoko wa sufuria. Katikati ya kutu hiyo, sehemu ndogo ilibaki safi, pengine kwa sababu ndipo kidole gumba cha baba kilipokuwa kikikaa alipokuwa akinyoa. Hapo palikuwa na herufi moja. Ilikuwa W.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza lilikuwa kuchukua tupa na kuifuta.

Badala yake nilianza kusoma. Watu wanaokusanya nyembe za zamani wako duniani kote, na wameweka mtandaoni picha za kila alama waliyowahi kuiona. Jioni baada ya jioni, nikimaliza kusahihisha madaftari, nilizitazama picha hizo na kujifunza jinsi kitu hicho kinavyosomwa. Ubapa wa wembe wa zamani sana ni mnene, umbo la kabari. Ule wa baadaye umechongwa pande zote mbili hadi ukawa mwembamba kama jani, na ukiugonga kwa ukucha hutoa sauti. Mpini wa pembe ukiguswa na sindano ya moto hunuka nywele zilizoungua; wa plastiki hunuka plastiki. Upande mmoja wa shina huwa na jina la mtengenezaji na mji wake, na upande wa pili mara nyingi huwa na namba ya aina ya wembe na jina la nchi.

Niliugonga wembe wa baba kwa ukucha, ukalia. Niliugusa mpini kwa sindano, ukanuka kama nywele za mtoto aliyecheza na kibiriti. Pembe ya kweli, basi. Hilo halikunisaidia, kwa kuwa pembe ilitumika miaka mingi, kabla ya vita na baada yake. Kisha niliazima kioo cha kukuza kutoka maabara ya shule, nikaitazama ile W. Mistari yake ilikuwa na kina kimoja tangu juu hadi chini, na kila ncha ilikuwa na kikanyagio kidogo, kama herufi za kitabuni. Chuma cha wembe kikishapitishwa kwenye moto na kuzimwa, msumari haukichori. Huteleza na kuacha mkwaruzo tu. Herufi hii iligongwa kwa muhuri kiwandani. Baba mkubwa alikuwa amekosea kuhusu babu na msumari wake, na nilifurahi kwa namna ambayo haikunipendeza hata mimi mwenyewe, furaha ya mtu anayemwona adui yake akijikwaa.

Furaha hiyo haikudumu. Kwenye kurasa za wakusanyaji nilikutana na picha ya wembe wa askari. Serikali ya Mwingereza, ilipowapa wanajeshi wake vifaa, iligonga juu yake alama ya kuonyesha kwamba ni mali ya jeshi: mshale mfupi, kama unyayo wa kuku, na mara nyingine mshale huo ulikaa katikati ya herufi mbili. Herufi ya pili ilikuwa D. Ya kwanza ilikuwa W.

Nilielewa mara moja hali niliyokuwamo. Ikiwa chini ya kutu, kando ya W yangu, kulikuwa na unyayo wa kuku, basi wembe ule ulitoka jeshini. Baba yangu, mchimba mitaro, hakuwahi kuwa jeshini. Na mtu pekee wa boma letu aliyewahi kuwa huko ni babu. Baba mkubwa angekuwa amepata jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi, kama wanafunzi wangu wanavyofanya kila muhula, na nisingeweza kumnyima alama.

Niliuviringa wembe ndani ya kitambaa chake, nikauweka kabatini. Nilijipa sababu za kila aina: mitihani inakaribia, kutu ikiondolewa vibaya itaondoka na maandishi. Ukweli ni kwamba nilipendelea baba ambaye hajathibitishwa kuliko baba aliyethibitishwa kuwa mwizi. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu kwamba ushahidi hauulizwi kama unatupendeza. Sikuwa nimewahi kuombwa kuyasema hayo kuhusu jikoni kwetu.

Mama ndiye aliyeniumbua. Aliingia chumbani, akanikuta nimekaa mbele ya kabati, akaniuliza kama nimeshamwona mwizi. Nikamwambia bado. Akasema, "Mimi nililala naye. Usafishe." Akaniletea chupa ya mafuta ya cherehani na majivu aliyoyachekecha kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama unga.

Nilifanya kazi hiyo mchana wa Jumapili, baada ya ibada, kwenye meza ya sebuleni, nikisugua kwa kipande cha fulana ya zamani. Upande wa kwanza wa shina ulifunguka vizuri. Ilitokea picha iliyochakaa ya ndege mwenye shingo ndefu, chini yake herufi chache za jina la mtengenezaji, na chini kabisa jina la mji, Solingen, ambao niliujua kutokana na picha nilizozitazama kuwa mji wa mafundi visu wa Ujerumani. Baadaye nilizilinganisha zile herufi na yule ndege na picha za wakusanyaji, nikampata mtengenezaji: karakana ndogo ya familia, iliyofungwa zamani. Lakini hata Ujerumani haikutosha kuniokoa. Askari aliweza kuutoa wembe wa Kijerumani kwenye begi la mtu aliyekufa vitani, au kuubadilisha kwa sigara bandarini.

Niliugeuza upande wenye W. Baada ya herufi hiyo ilitokea nukta. Baada ya nukta ukatokea upinde, kipande cha juu tu, nami nikaacha kusugua. D ina upinde, na mshale nao huenda ulikuwa umelika. Mama alikuwa kwenye kochi, amejifanya anasoma kitabu chake cha nyimbo. Nilitia mafuta tena, nikasugua. Upinde ulishuka kushoto, ukazunguka chini, ukaacha uwazi upande wa kulia. Ilikuwa G. Zilizobaki zilikuja kwa urahisi, kana kwamba zilichoka kujificha: W. GERMANY.

Nilimweleza mama kwamba W ni ya Magharibi. Nchi hiyo ilikatwa vipande viwili baada ya vita vilevile alivyokwenda babu. Wakati jina hilo linagongwa kwenye chuma kwa mara ya kwanza, babu alikuwa amesharudi Matinyani na wembe wake, anachunga mbuzi na kuwanyoa majirani. Wembe huu haungeweza kutoka Burma kwa sababu Burma ilipokuwa ikipiganiwa, wembe huu haukuwepo.

Mama aliyarudisha macho kwenye kitabu cha nyimbo. "Mwambie yeye," alisema.

Kikao kilifanyika Matinyani, sebuleni kwa baba mkubwa, juma moja kabla ya siku ya mbuzi. Alikuwepo yeye, binamu yangu, mimi, na mzee mmoja wa kanisa ambaye familia zetu zote mbili humwita kukiwa na jambo. Mzee wa kanisa aliomba, akatusihi tusemezane kama watu wa damu moja. Niliweka wembe mezani, nikaweka na kioo cha kukuza kando yake.

Baba mkubwa hakuinama kutazama. Alisema macho yake yaliuona wembe huo kabla mimi sijazaliwa. Mzee wa kanisa akachukua kioo, akausogeza wembe kwenye mwanga wa mlango, akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma somo la ibada. Nikaeleza habari ya nchi iliyokatwa vipande viwili. Mzee wa kanisa akasema ni kweli, walifundishwa hivyo shuleni, na hata cherehani ya mke wake ina maneno hayohayo.

"Sasa Mjerumani naye ameingiaje kwenye urithi wetu?" binamu yangu aliuliza. Hakuna aliyecheka, naye akaangalia viatu vyake.

Baba mkubwa akasema kwamba watu waliosoma wanaweza kuifanya herufi iseme wanachotaka. Nilikuwa nimejiapiza kutosema nililokuja nalo moyoni, lakini dharau hiyo ilinifungua kinywa. Kwa kuwa ikiwa babu hakuichora W, baba mkubwa aliijuaje? Mtu aliyekuwa hajaushika wembe wa baba asingejua kwamba una herufi mahali padogo vile. Jibu nilikuwa nalo tangu Jumapili, nikalisema.

"Baba mkubwa, W uliiona Salama. Baba alikunyoa kwenye baraza lake, akakupa wembe uushike. Ulimnyooshea mwizi shingo?"

Mzee wa kanisa alitamka jina langu, kunionya. Baba mkubwa alimwinulia mkono, kumaanisha aniache.

"Nilimnyooshea ndugu yangu," alisema. "Nikamngoja aseme. Alininyoa hadi mwisho, akanifuta sabuni, hakusema."

"Hakuwa na la kusema. Wembe ulikuwa wake."

"Huu, ndiyo." Sasa alikuwa akinitazama, na hakuniita tena mwaitu. "Nimekubali, mwalimu. Huu ni wa Mjerumani. Wa baba uko wapi?"

Nilikuwa nimetumia majuma nikithibitisha wembe huu si upi, na katika muda wote huo sikuwa nimejiuliza kitu ambacho mzee huyu, aliyekosea kila kitu kingine, hakuwahi kuacha kujiuliza. Kijana anaweza kuiba wembe mmoja na kununua mwingine. Wembe ulioibwa unaweza kuuzwa njiani. Unaweza pia kuwa ulianguka chooni, au mfiwa fulani aliondoka nao, na mtu asiibe chochote. Chuma kilichokuwa mezani hakikuweza kusema lolote kuhusu chuma ambacho hakikuwepo.

"Umesoma huu," alisema. "Kasome na ule ambao haupo."

Mzee wa kanisa ndiye aliyekata shauri, na alilikata kwa unyofu wa mtu anayetaka kufika nyumbani kabla ya mvua. Alimkumbusha baba mkubwa kwamba hakudai tu wembe wowote ule. Alidai wembe wenye W, na akaiweka W hiyo kuwa shahidi wake. Shahidi ameitwa, amesema, na amesema kinyume. Akitaka kudai kitu kingine, adai mbele ya wageni kutoka Makueni, siku ya mbuzi, wamsikie. Baba mkubwa akajibu kwamba hajawahi kuaibisha boma mbele ya wageni na hataanza leo. Waje.

Niliuchukua wembe, nikaukunja, nikautia mkobani. Hakuna aliyeniaga. Nilipofika Salama nilimwambia mama kila neno, na pia lile la mwisho, kwa sababu angelisikia kwa wengine. Aliniuliza kama shemeji yake amesema kwamba mumewe hakuiba. Nikamjibu kwamba amesema wembe huu si wa baba yao.

"Hayo si maneno mamoja," alisema.

Wageni walikuja Salama na mbuzi wao, wanene, walioogeshwa, na wanawake wa upande wao wakaimba tangu langoni. Baba mkubwa alivaa koti lake la kanisani. Aliuliza maswali yote yanayoulizwa, akatania mahali panapotaniwa, akawafanya wazee wa Makueni wacheke, na hakukuwa na mgeni hata mmoja ambaye angeweza kudhani kuna jambo. Ilipofika zamu ya kamba aliipokea kwa mkono wa kulia, akawapeleka mbuzi zizini yeye mwenyewe. Binti yangu, ambaye kwa siku hiyo hakuruhusiwa kutoka nje kabla ya kuitwa, alinishika kitenge mlangoni mwa jiko.

"Babu amekubali?"

"Amepokea mbuzi," nilimwambia.

Alinitazama akingoja niongeze neno, nikarudi kwenye sufuria. Wakati wa chakula nilimpakulia baba mkubwa sahani yake kwa mikono yangu, mahindi ya muthokoi na nyama, nikampelekea kwa magoti kama inavyotakiwa. Aliipokea, akaniambia asante, na bila kuionja akampa sahani hiyo mtu aliyeketi kando yake.